Kwenda Ukweni na Maji Yangu Mgongoni

Marafiki zangu, tangu nirudi hamjaniacha nipumue. Dukani mnaniuliza, kanisani mnaniuliza, hata kwenye foleni ya kisima: "Ehe, Tito, Ukinga kukoje? Na mke yuko wapi?" Nikianza kusimulia, nikifika tu penye turubai mnaangua kicheko, na yaliyobaki nayameza. Kwa hiyo nimeandika. Karatasi haikatizwi maneno. Someni mpaka mwisho, halafu chekeni, kama hamu itakuwa imebaki.

Nyumbani, kabla ya mguu wa kwanza

Mimi si mtu wa safari. Wengine huzaliwa na miguu. Mimi nilizaliwa na kigoda. Nilipopelekwa shule ya sekondari nililia tangu hapa mpaka Iringa, na nilipomaliza darasa la kumi nilirudi Makambako kwa furaha ya kuku aliyerudishwa bandani. Nikapata ukarani wa mzani katika duka la nafaka, na nilikuwa radhi kuzeeka hapo hapo, nikipima mahindi ya watu na kusikiliza upepo.

Aliyeniharibia mpango huo ni Eda. Mnamjua: yule Mkinga aliyekuja kukaa Mahongole, hapa jirani, kwa dada yake, akaimba sauti ya pili kanisani kwa namna iliyonifanya mimi, nisiyejua kuimba, niombe kuingia kwaya. Tukapatana. Tulipokwisha kupatana, baba yake akamwita nyumbani, na jibu la posa yangu likaja kwa kinywa cha dada mtu: "Aje mwenyewe, kwa miguu yake. Aione njia ambayo binti yangu atailia siku akitukumbuka. Akifika, nitamjibu."

Basi ikawa hivyo: nivuke milima ya Kipengere nimpate Eda, au nibaki na kigoda changu.

Sasa nisikilizeni juu ya maji, maana hilo hamjawahi kuniuliza. Baba yangu aliivuka milima ile mara moja tu, nikiwa mdogo, kwenda Ukinga kununua majembe. Alirudi na majembe, na akarudi na tumbo la kuhara damu, na kabla majembe hayajapata mipini tulikuwa tumekwisha kumzika. Mama hakumlaumu mtu, aliyalaumu maji. Nimekua nikiambiwa, "Tito, maji usiyoyajua usiyanywe," kama watoto wengine walivyokua wakisimuliwa habari za sungura. Ya kisima chetu nanywa, hata yakiwa na rangi ya chai, kwa sababu nayajua.

Nikaenda kwa Zakaria kuomba shauri. Zakaria, usijifiche, najua unasoma. Ulirudi kutoka vita vya Burma na turubai moja, chupa moja ya maji ya kijeshi na maneno yasiyokwisha. Ulikaa mlangoni kwako, ukakunja nne, ukasema: "Mlimani mtu huuawa na vitu viwili, maji ya watu na paa la watu. Maji yana kuhara. Nyumba zina papasi, wale kupe wa sakafuni, na papasi akikuuma utapata homa ya kwenda na kurudi, mpaka utamani kwenda moja kwa moja. Beba maji yako, beba paa lako." Ukanipa chupa na turubai. Sikatai kwamba ulinipa kwa moyo mweupe.

Nami nikapanga, kama msomi. Nilifungua ramani yangu ya shule. Milima ya Kipengere ilikuwa pale kama kiwavi wa rangi ya kahawia, bila hata mto mmoja. Nikajiambia, kiwavi huyu ni mkavu. Mtu wa Makambako, aliyezoea kuamka na ndoo kabla ya jogoo, akiona pakavu haoni kitu kingine. Mama alichemsha maji, akayapoza, akayajaza kwenye debe safi, akaliziba mdomo kwa nta na kitambaa. Tukalifunga kamba za kubebea mgongoni. Debe lililojaa maji lina uzito wa mtoto wa darasa la pili, tofauti ni kwamba mtoto hukubali kushuka atembee.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Yakobo, ndugu yake marehemu baba, mtu ambaye njaa na aibu havijapata kumkuta siku moja. Alinizunguka akalitazama lile debe.

"Tito mwanangu, unapeleka maji Ukinga?"

"Ya kunywa njiani, baba mdogo."

"Vizuri. Na baridi je, hatuwapelekei kidogo?"

Makambako mpaka Njombe, kwa lori

Lori lilijaa magunia ya chumvi, juu ya magunia watu, na juu ya watu debe langu. Lilipaswa kuondoka asubuhi. Liliondoka baada ya dereva kula, kugombana na utingo wake, kupatana naye, na kula tena.

Kwenye kilima kimoja kabla ya Njombe rejeta ilianza kupiga mluzi. Dereva akashuka, akagusa kifuniko, akaruka nyuma akitikisa vidole. Kisha akainua macho kwenye magunia.

"Nani ana maji?"

Watu wote wakanitazama mimi, na mtoto aliyekuwa ananyonya akaacha ziwa naye anitazame.

"Haya yamechemshwa," nikasema.

"Vizuri. Na rejeta inachemka. Watazoeana."

"Ni ya safari ya mlimani."

"Ndugu yangu, bila rejeta mlima wako ndio huu hapa."

Mama mmoja aliyepakata kuku akasema, bila hata kushusha sauti, "Watu wa Makambako hawa! Maji wanayaficha kama mwali." Baba mdogo alinivua kamba za mabegani kama anavyovuliwa punda, akamkabidhi dereva debe zima. Lilirudi tupu, limepakwa grisi.

Njombe tulifika tukitetemeka. Na sasa nione haya nikisema: mji mzima unasikia mto Ruhuji ukiporomoka, maji yanaanguka mchana kutwa bila mtu kuyaomba, na mimi nazunguka kutafuta mahali pa kuchemshia. Mama mmoja anayewapikia wasafiri kande, karibu na mahali malori yanapolala, alinihurumia akanipa mafiga yake jikoni akishamaliza kazi. Siku ikapita hapo. Nilipokuwa nimekaa na debe langu nikingoja lipoe, akaja mwanamume mmoja na chupa, akaniwekea mbele.

"Nijazie mpaka shingoni."

"Nini?"

"Mafuta ya taa. Kwani unauza nini?"

"Siuzi. Ni maji."

"Maji?" Alitega sikio upande wa maporomoko, akanyamaza ili na mimi nisikie vizuri. "Njombe hii?" Akaichukua chupa yake akaenda zake, na nikamsikia akimwambia mwenzake kule mbele, na mwenzake akamwambia mwingine, mpaka kicheko kikageukia kona.

Baba mdogo alikuwa anamaliza bakuli la tatu la kande. "Usiwajali," akasema. "Hawajasoma ramani."

Njombe mpaka chini ya mlima, kwa miguu

Tulishika njia ya magharibi. Mwanzoni tulipita mashamba ya miti ya miwati, mistari na mistari, na harufu ya magome yanayokaushwa ikatufuata mpaka katikati ya asubuhi. Debe lilikuwa linavuja kidogo penye nta, na kila hatua tone moja lilinishuka katikati ya mgongo, baridi kama kidole cha maiti.

Baba mdogo alimsalimu kila kiumbe. "Kamwene!" upande huu, "Kamwene!" upande ule, na kila salamu ilizaa kitu: viazi vya kuchoma, kikapu cha kukalia, habari za mazishi. Mimi nilikula viazi, kwa kuwa moto umekwisha kuvipitia. Maji nilikunywa yangu.

Chini kabisa ya mlima palikuwa na nyumba ya bibi mmoja mjane. Alituona tukija akatuwekea mkeka kabla hatujabisha hodi. Akaleta kibuyu cha togwa ya ulezi, akanipa mimi kwanza, maana ndimi niliyeonekana kuteseka.

"Ahsante, bibi," nikasema, "nina maji yangu."

Akalitazama debe. Akanitazama mimi. "Mjukuu wangu, nani amekwambia kwamba mimi ni mbaya?"

"Hapana, bibi! Sikusema..."

"Basi." Akapangusa mdomo wa kibuyu kwa kiganja, taratibu, akampa baba mdogo. Baba mdogo alikunywa togwa yake na yangu, akamsifu kwa sauti kubwa, akamchanjia kuni ambazo hakuombwa.

Tulipoondoka alitembea kimya mpaka nyumba ikapotea nyuma yetu. Kwake hiyo ni dalili mbaya.

"Tito, huko tuendako usirudie jambo lile."

"Nitatumia akili, baba mdogo."

"Akili unayo. Ndiyo inayonitisha."

Juu ya Kipengere

Kiwavi wa kahawia, marafiki zangu, anavuja. Kila bonde lina kijito, kila kijito kina watoto. Maji yanapita chini ya majani, yanatoka kwenye mawe, unakanyaga unafikiri ni nyasi na mguu unazama mpaka goti. Nilipanda mlima ule nikiwa nimebeba maji mgongoni, nayavuka maji kwa miguu, na ukungu unaniloweka kichwa.

Tukakutana na Wakinga wawili wanateremka na mizigo ya unga wa ngano. Wakauliza tumebeba nini. Nikawaambia. Walitua mizigo yao chini kwanza, ndipo wakacheka. Hawakutaka kicheko kile kiwapate wamesimama na mzigo kichwani.

Mtaniuliza, mbona hukuyamwaga? Nilikuwa nimeyabeba mbali mno. Mtu akishaubeba ujinga mbali namna ile huuona kuwa ni mali yake.

Jua lilipoanza kushuka tuliona moshi. Wachunga ng'ombe walikuwa na kibanda cha nyasi, cha mviringo, kimejikunja nyuma ya mwamba kama kondoo. Wakatuita. Baba mdogo alikuwa amekwisha kuingia kabla hawajamaliza kuita. Mimi niliwaza papasi. Nikatandaza turubai la Zakaria, nikalifunga kwenye mawe jinsi nilivyoelekezwa. Upepo ukaja kuliona. Likapiga makofi, likavimba, likang'oka upande mmoja, na kutoka hapo sikulala chini ya paa bali nililishikilia paa. Asubuhi umande ulikuwa umeganda juu yake kama chumvi.

Baba mdogo alitoka kibandani ananuka moshi, anatafuna.

"Papasi wangapi?" nikamuuliza, meno yakigongana.

"Kulikuwa na watu watatu, ndama na mimi. Papasi sikuwaona. Huenda walikuja kwako kupunga hewa."

Ukweni

Kijiji cha kina Eda hakimo katika ramani yangu, nami sina hamu ya kukitia. Kiko kwenye mgongo wa kilima, mianzi nyuma, ngano na njegere zinateremka mbele mpaka bondeni. Tuliwaona wamesimama kutungoja tulipokuwa bado mbali. Habari za mtu mwenye debe zilikuwa zimetutangulia.

Ua ulikuwa umefagiwa hata ungeweza kuanikia unga. Eda alisimama nyuma ya mama yake, hakucheka mbele ya wakubwa, lakini aliyaona mabega yangu yalivyochunwa na kamba, nikaona uso wake umeumia kwa ajili yangu. Nitakumbuka hilo. Baba yake alikuwa mtu mfupi, mtulivu, mwenye kutazama kitu mpaka akimalize.

Tuliketi. Mama yake akaja na kata ya maji, ameishika kwa mikono miwili, akapiga goti, akaninyooshea.

Ningependa kusema kwamba nilifikiri kwanza. Mkono wangu wenyewe ulikwenda kiunoni, ukafungua chupa ya Zakaria. "Ahsante, mama, ninayo yangu." Nikanywa, mbele yao wote. Niliposhusha chupa ile kata ilikuwa bado mbele yangu.

Baba mdogo akadakia. Mungu ambariki mwongo yule. "Mtusamehe, wakwe! Kijana ameweka nadhiri. Tangu siku aliyotoka kwao hagusi maji ya mtu mpaka apate jibu lenu."

Baba yake Eda akafikiri. "Nadhiri ni jambo zito," akasema. "Kijana anayejua kuweka nadhiri si wa kupuuzwa. Basi kesho asubuhi nitajibu mbele ya ndugu zangu, na maji ya kwanza atakayokunywa yatakuwa ya kisima changu, kutoka mkononi mwa binti yangu."

Baba mdogo akanigeukia anatabasamu, lakini macho yake yaliniambia: utakunywa. Nikaitikia kwa kichwa.

Tukala ugali wa ulezi na njegere, tukala vizuri. Walikuwa wametutengea nyumba ndogo ya kaka yake Eda, kitanda kimefungwa kamba mpya, moto umewashwa. Nami nikajiambia: maji nimekwisha kuyaahidi, ya nini nijihatarishe kwa homa pia? Jua lilikuwa halijazama. Nikatoka na turubai, nikalisimamisha uani, kati ya ghala na nyumba kubwa. Nilikuwa nimelielewa sasa, lilisimama vizuri sana. Watoto wakaja kutazama, halafu wakaitwa ndani, mmoja mmoja.

Baba yake Eda akatoka. Akasimama mbele ya turubai kwa muda.

"Nani alikufundisha kusimamisha kitu hiki?"

"Rafiki yangu, mzee. Alikuwa askari."

"Naona." Akalizunguka, hakuligusa. "Turubai la mwisho kusimama hapa lilikuwa la askari. Ile vita ya Mjerumani na Mwingereza, mimi kijana. Baba yangu aliwakaribisha walale ndani. Wakakataa, wakasema nyumba zetu zina wadudu. Asubuhi waliondoka na ngano yetu, na kaka yangu wakamtwika mizigo."

"Pole, mzee."

"Ngano tulipanda nyingine," akasema.

Nililikunja pale pale. Nataka mlijue hilo, ninyi mnaocheka mkifika hapa. Nililikunja, nikaingia ndani, nikalala kwenye kitanda cha kamba mpya karibu na moto, na sikuumwa na papasi, wala kiroboto, wala mbu.

Asubuhi walikusanyika: baba yake, ndugu zake wawili, jirani, na wanawake mlangoni. Hakukuwa na ukungu. Kisima kilionekana kule chini, shimo kwenye majani ya bondeni.

Baba yake Eda akasema: "Njia ameiona. Kwa miguu yake amekuja. Turubai nimelisamehe. Binti yangu ananiambia ni mtu mwema, ila mwoga." Watu wakacheka, hata mimi. "Mwoga si mbaya. Mwoga hufika uzeeni, na mkewe hafiwi mapema. Eda, lete maji, halafu niseme neno langu."

Eda akaja na kata. Akapiga goti mbele yangu, kwa mara ya kwanza akanitazama usoni mbele ya baba yake, akatabasamu. Nilitazama ndani ya kata. Maji yalikuwa ya rangi ya majani yaliyolala, na juu yake kulikuwa na kipande kidogo cha unyasi kinazunguka. Nikamwona baba yangu kwenye mkeka. Nikausikia mkono wa mama shingoni. Na kinywa changu kikasema peke yake:

"Yamechemshwa?"

Nilisema kwa sauti ndogo. Lakini asubuhi ile hapakuwa na upepo.

Eda hakuondoka. Alibaki amepiga goti, kata haikutikisika. Tabasamu tu ndilo lililoondoka.

"Kumbe nadhiri haikuwepo," baba yake akasema. Baba mdogo akatazama miguu yake mwenyewe.

Nikaanza kujieleza, na hapo ndipo nilipojizika. "Mzee, si dharau. Baba yangu alikuja huku Ukinga kununua majembe. Akanywa maji, akarudi anaharisha, akafa. Ndiyo maana mimi..."

Nikasikia nilichosema. Nilitaka kuyarudisha maneno, lakini yalikuwa yamekwisha kukaa mkekani na wageni wengine.

Ndugu mmoja wa mzee akauliza kwa upole, "Alinywa kwa nani?"

"Sijui."

"Kwa hiyo tuliomuua ni sisi."

"Sikusema hivyo, mzee."

"Umesema njia nzima. Umetoka Makambako na debe mgongoni, kila aliyekuuliza ukamwambia."

Nikainyakua kata mkononi mwa Eda, nikanywa. Nikanywa yote, na unyasi wake, mpaka nikaona chini ya kata. Yalikuwa baridi, matamu. Niliposhusha, baba yake alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza.

"Umekunywa kama anavyokunywa mgonjwa dawa," akasema. Kisha akamgeukia baba mdogo, maana mimi nilikuwa si mtu wa kuzungumza naye tena. "Mshenga, mrudishe mwanao kwa mama yake. Simchukii. Lakini binti yangu angempikia na kumtekea huyu maisha yake yote. Siku mtoto wao akishikwa na tumbo, nani atatazamwa?"

Nimelichukua swali lile mpaka hapa Makambako. Nimeligeuza kila upande. Ninyi mnaojua kila kitu, nijibieni.

Kurudi

Walitupa njegere za njiani, maana hata mtu aliyekataliwa hafukuzwi akiwa na njaa. Eda na mama yake walitusindikiza mpaka kijitoni, kama desturi. Mama mtu akabaki nyuma kidogo, makusudi.

"Nilikaa Mahongole masika mawili," Eda akasema. "Mama yako alinipa maji yenye viluwiluwi. Nilichuja kwa meno, nikamwambia ahsante, mama."

"Eda, niliogopa."

"Najua. Na mimi niliogopa." Akampa mkono baba mdogo, akampigia goti. "Nendeni salama, baba." Kisha akageuka.

Debe lilikuwa na maji zaidi ya nusu. Nililimwaga kwenye kijito kile, na kijito hakikuongezeka. Njia nzima ya mlimani baba mdogo hakunitania hata mara moja, na mjue kwamba nilimwomba anitanie.

Chini ya mlima tulipita tena kwa yule bibi. Nikamwachia debe liwe lake, lilikuwa debe zuri. Akaleta kibuyu. Safari hii alimpa baba mdogo kwanza.

"Na mimi, bibi," nikasema.

"Leo una kiu?"

"Nina kiu, bibi."

Alinipa, akakaa ananitazama ninywe mpaka mwisho.

Zakaria, turubai lako liko nyuma ya mlango wangu. Lina tundu moja, upepo ulitaka kumbukumbu. Njoo ulichukue siku yoyote ila usije na maneno.

Mama hakuniuliza kuhusu Eda. Aliutazama mgongo wangu usio na debe, akauliza, "Ulikunywa maji yao?"

"Nilikunywa, mama."

Akachemsha mizizi, akatandika kitanda changu, akakaa kwenye kigoda changu, anangoja. Nami nikalala nikangoja pamoja naye. Niwaambie kweli, nilingoja kwa hamu. Nilibonyeza tumbo huku na huku nikitafuta msokoto mmoja tu, kichefuchefu kidogo, hata mngurumo, ili niseme: mmeona sasa? Ili mama awe amesema kweli, na baba awe amekufa kwa sababu inayojulikana, na mimi niwe nimemkosa Eda kwa haki.

Siku zikapita. Tumbo likakaa kimya, zima kabisa, likaomba ugali.